Dakika ya Kwanza: Kujiokoa Kutoka Ndani ya Gari la Umeme Lililotumbukia Majini na Maandalizi ya Kisiwa cha Pemba

Suala la mtu kujiokoa kutoka ndani ya gari lililotumbukia majini huchukuliwa na wengi kuwa ni la nchi za mbali, zenye mifereji mikubwa na barabara zinazofunikwa na barafu, ilhali kisiwa kama Pemba, ambacho magari yake hushushwa gatini kutoka melini na ambacho barabara zake hupita kando ya hori za mikoko na katikati ya mabonde ya mpunga, kina kila sababu ya kulitazama suala hilo kuwa lake. Sababu hizo zinaongezeka uzito kadiri gari la umeme linavyoenea duniani, yaani gari lisilo na injini ya mafuta, linaloendeshwa na mota inayopata nguvu kutoka betri kubwa ya lithiamu, ambayo kwa kawaida hutandazwa chini ya sakafu.

Hofu ya kwanza inayowajia watu wakisikia habari ya gari la namna hiyo kuingia majini ni kupigwa shoti. Uchambuzi huu unaonesha kuwa hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo hatari kubwa. Kinachoamua nani atatoka na nani atabaki ni dakika ya kwanza baada ya gari kugusa maji, pamoja na hali ya mikanda, vioo na vishikio vya milango ilivyokuwa kabla ya ajali yenyewe kutokea. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kinga ya Pemba haiwezi kutegemea kikosi cha uokozi kitakachofika baadaye, bali lazima ijengwe gatini, katika ukaguzi wa magari na katika vichwa vya madereva na abiria wao.

Mahali gari na maji hukutana

Pemba iko kaskazini ya Unguja, mkabala na Tanga, na imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kirefu. Kiutawala ina mikoa miwili, Kaskazini Pemba yenye wilaya za Wete na Micheweni, na Kusini Pemba yenye wilaya za Chake Chake na Mkoani. Tofauti na Unguja, ambayo sehemu kubwa yake ni tambarare, Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na ufuo wake umekatwakatwa na hori nyingi zinazoingia ndani ya ardhi, kiasi kwamba safari ya kutoka Mkoani hadi Chake Chake, Wete na Konde ni safari ya kupanda na kushuka, ambapo kila mteremko huishia bondeni. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, mabonde hayo hupokea maji ya vilima vyote vinavyoyazunguka.

Kwa muda mrefu gari kuu la abiria kisiwani lilikuwa ni lori dogo lililoezekwa paa na kuwekewa mabenchi, likiwa wazi ubavuni bila vioo. Gari hilo lina dosari zake nyingi, lakini mtu aliyekaa ndani yake, likitumbukia majini, hazuiwi na kioo wala mlango. Gari dogo la kisasa limejengwa kinyume chake: limezibwa ili lihifadhi ubaridi na kuzuia kelele na vumbi, na vioo vyake, kufuli zake na pengine hata milango yake hufanya kazi kwa umeme. Kwa hiyo mabadiliko ya aina ya magari yanayotumika kisiwani ni mabadiliko pia ya namna ambayo mtu anaweza kunaswa.

Gari la umeme lina mahali pa kuanzia Pemba, kwa kuwa tangu mwaka 2010 kisiwa kinapata umeme wa gridi ya taifa kupitia kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga kwa msaada wa Norway, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Mtu wa Chake Chake au Wete anaweza kulichaji gari nyumbani kwake, na umbali wa barabara za kisiwani ni mfupi kuliko uwezo wa betri ya kawaida. Kwa sababu hizo, swali la usalama wa gari hilo majini linafaa kujibiwa sasa, kabla magari hayajawa mengi.

Gari linavyozama

Gari linapoingia majini halizami papo hapo. Hewa iliyomo ndani hulifanya lielee kwa muda, na mtafiti Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye kwa miaka mingi alizamisha magari yakiwa na watu ndani kwa majaribio yaliyosimamiwa, alionesha kuwa tukio zima lina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni ya kuelea, ambayo hudumu kati ya nusu dakika na dakika mbili, na hukoma maji yanapofika usawa wa chini wa vioo vya pembeni. Hatua ya pili ni ya kuzama, ambapo maji yameshavifunika vioo hivyo lakini ndani bado mna hewa. Hatua ya tatu ni ya gari kujaa maji na kuwa chini kabisa. Karibu matumaini yote ya kutoka yamo katika hatua ya kwanza.

Sababu yake ni shinikizo, yaani nguvu ambayo maji huisukumia kila sehemu ya uso wa kitu. Mlango wenye ukubwa wa mita moja ya mraba, ambao maji yaliyo nje yameufunika mpaka juu huku ndani kukiwa bado na hewa, husukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa takribani nusu tani. Hakuna bega la mtu litakaloushinda mlango huo, na anayeendelea kuusukuma anapoteza sekunde ambazo angezitumia kwenye dirisha. Zaidi ya hayo, hata pale mlango unapofunguka mapema, maji huingia kwa kishindo na gari huzama ndani ya sekunde chache, jambo ambalo huwaacha waliokaa viti vya nyuma, ambao mara nyingi ni watoto, katika hali mbaya kuliko ya awali.

Gari la mafuta lenye injini mbele huinamisha pua, na hewa hukimbilia nyuma. Gari la umeme, ambalo uzito wa betri umetandazwa sakafuni, huelekea kushuka likiwa sawa zaidi. Uzito wa ziada wa betri, ambao unaweza kufikia mamia ya kilo, hulifanya likae chini zaidi majini likilinganishwa na gari la ukubwa huohuo lisilo na betri hiyo, na kwa hiyo sehemu ya kioo inayobaki juu ya maji huwa ndogo zaidi. Maji ya bahari, kwa kuwa ni mazito kuliko maji baridi kwa kiasi cha asilimia 3 hivi, huliinua gari kidogo zaidi, lakini nafuu hiyo ni ndogo mno kuwa msingi wa matumaini ya mtu.

Kanuni ya mambo manne

Kutokana na majaribio hayo ilipatikana kanuni fupi ambayo leo hufundishwa katika nchi nyingi, na ambayo kwa Kiswahili inaweza kusemwa kwa maneno manne: mkanda, dirisha, watoto, toka. Mtu huanza kwa kufungua mkanda wake wa kiti, kisha hufungua dirisha au kulivunja, kisha hufungua mikanda ya watoto akianza na mkubwa, ambaye anaweza kujisaidia mwenyewe, na kuwasogeza karibu naye, halafu wote hutoka dirishani, watoto wakitangulizwa. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa kuwa mtu aliyefungwa mkanda hawezi kumfikia mtoto, na mtoto aliyefunguliwa kabla ya dirisha kuwa wazi bado hana pa kupitishiwa.

Jambo moja halimo katika kanuni hiyo, nalo ni simu. Watu wengi hukimbilia simu, kwa kuwa ndivyo walivyozoea katika kila dharura, lakini hakuna kikosi duniani kinachoweza kumfikia mtu ndani ya dakika moja. Namba ya dharura 112 ni ya kupigiwa na aliyeko ufukoni, au na aliyekwisha kutoka na kupanda juu ya paa la gari. Aliyeko ndani ana kazi nyingine.

Zipo pia dhana mbili zinazopaswa kuondolewa. Ya kwanza ni kwamba mtu asubiri gari lijae maji ili shinikizo la ndani lilingane na la nje, ndipo mlango ufunguke wenyewe. Kifizikia jambo hilo ni kweli, lakini kama njia ya kujiokoa ni hatari mno, kwa kuwa linamtaka mtu akae gizani, amebana pumzi, pengine gari limelalia ubavu au kupinduka, akitafuta kishikio asichokiona. Hiyo ni njia ya mwisho kabisa, inayotumika pale nyingine zote zimekwisha shindikana. Dhana ya pili ni kwamba kiegemeo cha kichwa huchomolewa ili vyuma vyake vivunje kioo. Viegemeo havikuundwa kwa kazi hiyo, vingine havichomoki kabisa, na anayepambana navyo anaitumia dakika yake vibaya.

Kioo

Kwa kuwa njia ya kutokea ni dirisha, aina ya kioo inakuwa jambo la uhai. Magari hutumia aina mbili za vioo. Ya kwanza ni kioo kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla, ambacho ni kigumu lakini kikipigwa kwa ncha kali hupasuka chote kwa mara moja na kumwagika chengachenga. Ya pili ni kioo cha tabaka, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati yake. Kikipigwa hupata nyufa nyingi lakini hubaki pale pale kimeshikamana. Kioo cha mbele cha gari kwa kawaida ni cha tabaka, ndiyo maana jiwe likikigonga hukiacha na ufa bila kukiporomosha.

Zamani vioo vya pembeni karibu vyote vilikuwa vya aina ya kwanza. Katika miaka ya karibuni watengenezaji wengi wamehamia kwenye kioo cha tabaka, kwa kuwa huzuia abiria kurushwa nje gari linapopinduka na pia hupunguza kelele, na kelele ya upepo husikika zaidi katika gari la umeme ambalo halina muungurumo wa injini wa kuifunika. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilizijaribu zana sita za kuvunjia vioo: nne kati ya hizo zilivunja kioo cha kawaida cha pembeni, na hakuna hata moja iliyoweza kukipenya kioo cha tabaka. Chama hicho kilieleza pia kwamba takribani gari moja kati ya matatu ya toleo la mwaka 2018 nchini humo lilikuwa na kioo cha tabaka pembeni. Jaribio hilohilo lilionesha kuwa zana yenye springi, ambayo hubanwa tu kwenye kioo na kujifyatua yenyewe, ni bora kuliko nyundo ndogo, kwa kuwa mkono unaopiga nyundo chini ya maji hupunguzwa nguvu na maji yenyewe.

Mwenye gari hahitaji maabara ili kujua ana kioo gani. Kwenye pembe ya kila kioo pana alama ndogo iliyochapwa na mtengenezaji, na mara nyingi hapo huwa limeandikwa neno «Laminated» kwa kioo cha tabaka au «Tempered» kwa kile kinachomwagika. Inawezekana vioo vya mbele vikawa vya tabaka na vya nyuma vikawa vya kawaida, na tofauti hiyo ikijulikana mapema humwelekeza mtu kwenye dirisha la kuvunja. Akiisha kulijua, zana ya springi inafaa kuning'inizwa mahali mkono wa dereva unafika akiwa amefungwa mkanda, kwa sababu iliyohifadhiwa kwenye buti ni sawa na isiyokuwapo.

Hata hivyo, kuvunja si hatua ya kwanza. Vioo vinavyopandishwa na kushushwa kwa umeme kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi baada ya gari kuingia majini, na kinachovizuia mapema ni shinikizo la maji linalokibana kioo kwenye fremu yake kabla hata saketi haijaharibika. Kwa hiyo kidole kinapaswa kuwa kwenye swichi ya dirisha katika sekunde zilezile gari linapogusa maji.

Mlango usio na kishikio cha kawaida

Ndani ya gari la umeme mna mifumo miwili ya umeme. Mmoja ni wa betri kubwa ya volti mia kadhaa inayoendesha mota. Mwingine ni wa betri ndogo ya volti 12, kama ile ya gari lolote, inayoendesha taa, vioo, kufuli na skrini. Magari mengi ya umeme ya muundo mpya yameacha kishikio cha mlango kinachovuta waya wa chuma na badala yake yameweka kitufe kinachoagiza mota ndogo ifungue kitasa. Mfumo wa volti 12 ukikatika, kitufe hicho hakina kazi.

Watengenezaji huweka kishikio cha akiba cha kuvutwa kwa mkono, lakini mahali kilipo hutofautiana kwa kila toleo: pengine kiko mbele ya swichi za vioo, pengine kimefichwa chini ya mfuko wa mlango wa nyuma au nyuma ya kifuniko, na yapo matoleo ambayo milango ya nyuma haikuwekewa kabisa kishikio cha namna hiyo. Tatizo hili limekwisha tambuliwa na serikali kubwa. Mnamo Septemba 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi kuhusu milango ya Tesla Model Y ya mwaka 2021 iliyoshindwa kufunguka umeme ulipopungua, na katika mwaka huohuo China, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa magari ya umeme, ilitoa rasimu ya kanuni inayotaka kila mlango uwe na kishikio kinachofanya kazi bila umeme.

Kifo kilichowaamsha wengi kilitokea Texas usiku wa tarehe 10 Februari 2024, wakati Angela Chao, mkuu wa kampuni ya meli ya Foremost Group, aliporudi kinyumenyume na gari lake aina ya Tesla Model X na kutumbukia kwenye bwawa la shamba lake. Alimpigia simu rafiki yake aliyekuwa karibu, marafiki wakafika, na askari wakafika, wakasimama juu ya gari lililokwisha kuzama wakijaribu kuingia ndani, na bado hawakuwahi. Hapakukosekana simu wala marafiki wala waokoaji. Kilichokosekana ni njia ya kutokea iliyofunguka ndani ya dakika ya kwanza.

Si kila gari la umeme lina mtego huo. Nissan Leaf, gari la Kijapani lililoingia sokoni mwaka 2010, lina vishikio vya kawaida vya kuvuta kwa mkono. Kwa soko la magari yaliyotumika, ambalo ndilo linaloilisha Zanzibar, hii ina maana kuwa mnunuzi ana nafasi ya kuchagua, na swali la kishikio cha mlango linastahili kuulizwa pamoja na maswali ya bei na uzima wa betri.

Betri, shoti na chumvi

Kuhusu shoti, muundo wa gari wenyewe ndio jibu. Saketi ya betri kubwa haikuunganishwa na bodi ya gari, na ina swichi nzito zinazojikata zenyewe mfumo unapogundua ajali au uvujaji wa umeme. Ili mtu apigwe shoti lazima awe sehemu ya njia ya umeme kutoka ncha moja ya betri kwenda ncha nyingine, na maji yaliyomzunguka nje ya gari hayamweki katika njia hiyo. Betri nyingi zimezibwa kwa kiwango cha kustahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu aliye ndani kusita kutoka, wala ya mvuvi aliye nje kusita kumsogelea, mradi asiguse nyaya nene za rangi ya chungwa wala kasha la betri lililopasuka.

Hatari ya betri huja baadaye, na maji ya bahari huizidisha. Maji ya chumvi hupitisha umeme na hula chuma, na mabaki yake hubaki ndani hata baada ya maji kukauka, hivyo yanaweza kuzalisha mguso usiotakiwa na moto baada ya saa, siku au hata wiki. Kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya mashariki ya Marekani mwaka 2012, magari 16 aina ya Fisker Karma yaliyofunikwa na maji ya bahari kwenye bandari ya Newark yaliungua, na kampuni ilieleza kuwa chanzo kilikuwa ni chumvi iliyoharibu kifaa kwenye mfumo wa volti 12. Baada ya Kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama yalishika moto siku kadhaa baada ya maji kupungua. Fundisho kwa Pemba ni kwamba gari la umeme lililoopolewa baharini lisiwashwe, lisichajiwe, na liwekwe uwanjani umbali usiopungua mita 15 kutoka nyumba, ghala au gari jingine, na kamwe lisiachwe chini ya baraza wala kando ya ghala la karafuu.

Likoni, Bukoba na Nungwi: nani huokoa

Tukio la Afrika Mashariki lililo karibu zaidi na suala hili lilitokea Mombasa jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, wakati gari dogo lilipoteleza kinyumenyume kutoka kwenye kivuko MV Harambee katikati ya mlango wa bahari wa Likoni. Mama na binti yake mwenye umri wa miaka minne walikuwa ndani. Gari lilielea kwa muda mfupi mbele ya macho ya abiria waliojaa kivukoni, kisha likazama, na halikuopolewa hadi tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha takribani mita 58. Katika kina hicho shinikizo ni karibu mara saba ya lile la juu ya maji, na kiko mbali chini ya mita 40 ambazo ni mpaka wa upigaji mbizi wa kawaida. Gari lile halikuwa la umeme, na kwa hiyo linathibitisha hoja kuu: aina ya nishati haikuwa na neno, bali muda mfupi wa kuelea ulipita bila mtu yeyote kutoka wala yeyote kufika.

Maji yanayokwenda kasi ni hatari ya namna nyingine. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa limebeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika katika kaunti ya Kitui, Kenya, likazama na kuua watu zaidi ya 30. Maji ya bondeni wakati wa masika yanaweza kuwa na nguvu ya namna hiyo. Kanuni ya kuvuka ni moja tu: barabara isiyoonekana chini ya maji haivukwi.

Upande wa uokozi, Bukoba inafundisha zaidi ya mahali pengine. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, safari namba 494, iliyokuwa na watu 43, iliangukia Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege. 24 waliokoka na 19 walifariki. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na mmoja wao, Jackson Majaliwa, alisimulia kuwa alisaidia kufungua mlango wa nyuma. Pemba inajua jambo hilo kwa uchungu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba ikiwa na abiria wengi kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi, na mamia ya watu walipotea, wengi wao wa kisiwa hiki. Miongoni mwa waliowatoa watu majini walikuwepo wavuvi. KMKM, kikosi cha Zanzibar chenye wapiga mbizi na boti za mwendo kasi, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi vina kazi isiyo na mbadala, lakini aliye karibu ndiye anayewahi dakika ya kwanza, na katika gati za Mkoani na Wete aliye karibu ni mchukuzi, baharia na mwenye ngarawa.

Kinga ianzie gatini

Mahali ambapo gari na kina kirefu cha maji hukaribiana zaidi Pemba ni pale linapovuka daraja la chuma kati ya gati na meli. Hapo gari hurudishwa nyuma katika nafasi finyu, chuma huwa kimelowa, na meli hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa. Gari la umeme huongeza jambo moja: mota yake huweza kutoa nguvu yake yote papo hapo pedali inapokanyagwa, bila mvumo wa injini wa kumwonya dereva kuwa amekanyaga zaidi, na gia yake huchaguliwa kwa kitufe au kwa kijiti chepesi ambacho hakimpi mkono hisia ya kwenda mbele au nyuma.

Taratibu nne, zisizohitaji fedha, zinaweza kuondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Abiria wote washuke na wapite kwa miguu, dereva abaki peke yake. Vioo vya mbele vyote viwili viteremshwe kabisa kabla ya gurudumu la kwanza kugusa chuma. Mkanda wa dereva ufunguliwe kwa mita hizo chache, jambo ambalo ni kinyume cha kanuni ya barabarani lakini ndilo sahihi juu ya maji. Na mtu mmoja wa bandari, mwenye boya la kurushia lililofungwa kamba, asimame ukingoni kila gari linapopanda au kushuka. Gari likishafungwa ndani, asiwepo mtu wa kukaa humo wakati meli iko safarini, kama unavyoelekeza Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na Shirika la Bandari Zanzibar vina uwezo wa kuzifanya taratibu hizi kuwa masharti ya kupakia.

Hatua ya pili ni ukaguzi. Gari la umeme linalosajiliwa linafaa kuangaliwa vishikio vyake vya akiba na aina ya vioo vyake, na mwenye gari akaoneshwa kwa vitendo namna ya kuvitumia. Hatua ya tatu ni elimu ya kuogelea, kwa kuwa kutoka dirishani hakumfikishi mtu ufukoni. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya staha, na kazi kama hiyo inawezekana Pemba bila kugongana na mila. Mwanamke aliyevaa baibui au mwanamume aliyevaa kanzu anapaswa kujua kuwa nguo ndefu hunasa kwenye mkanda na kwenye fremu ya dirisha, na kwamba hukusanywa kiunoni kabla ya kutoka.

Anayetoka gari likiwa tayari limezama hufuata mapovu, kwa kuwa hayo hupanda juu hata gizani, na huachia pumzi polepole njiani, kwani hewa aliyoivuta ndani ya gari chini ya shinikizo hutanuka kifuani kadiri anavyopanda. Akiopolewa amezimia na hapumui, hatikiswi kichwa chini wala hakandamizwi tumbo ili atoe maji. Hupewa kwanza pumzi za mdomo kwa mdomo, kisha hukandamizwa kifua kwa zamu na pumzi hizo, huku akipelekwa hospitali, iwe ya Abdalla Mzee huko Mkoani au ya Chake Chake.

Gari la umeme, kwa hiyo, halijaleta kifo kipya. Limeifanya njia ya kutokea kuwa nyembamba zaidi kwa vioo visivyovunjika na milango inayosubiri umeme. Kwa kisiwa ambacho kimekwisha zika watu wengi waliokufa maji, si haki kungoja gari la kwanza litumbukie ndipo tume iundwe. Mamlaka za bandari ziweke masharti yake kabla ya masika ijayo, na kila mwenye gari, la umeme au la mafuta, akae leo na watu wa nyumbani kwake ndani ya gari lililosimama uani, wafumbe macho, na kila mmoja apapase mpaka ajue kwa mkono wake mkanda unafunguliwa wapi, swichi ya dirisha iko wapi na kishikio cha akiba kimefichwa wapi.